Kipindi cha Michezo Si Akiba ya Hisabati

Ratiba iliyobandikwa ukutani katika shule zetu nyingi za msingi ina kipindi cha michezo. Kimepangwa vizuri tu, kwa kawaida mchana, masomo mazito yakishakwisha. Sasa nenda uwanjani saa hiyo. Utakuta nyasi na mbuzi wa jirani. Watoto wako darasani wanafanya marudio ya hisabati kwa kuwa mtihani wa darasa la saba umekaribia, na katika shule zetu mtihani huo huwa umekaribia tangu Januari.

Siwalaumu walimu. Mwalimu mkuu hupimwa kwa ufaulu; sijasikia aliyewahi kuitwa wilayani kujieleza kwa nini wanafunzi wake hawatoki jasho. Nasi wazazi ndio wa kwanza kunung'unika mtoto akirudi na vumbi: ada yote hii, kumbe wanacheza! Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tanzania ilifika hadi kusimamisha mashindano ya michezo shuleni kwa hoja kwamba yanawapotezea wanafunzi muda. Baadaye mashindano hayo, UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari, yakarudi, na tukashangilia kana kwamba tatizo limekwisha.

Halikwisha. Mashindano ni jambo jema, lakini si elimu ya michezo. Mwalimu akishachagua kumi na mmoja wa kandanda na saba wa netiboli, mamia waliobaki kazi yao ni kupiga makofi. Tunawafundisha mapema kwamba mwili ni wa wenye kipaji. Halafu tunahesabu medali, nazo hazituchoshi kuhesabu: za Olimpiki ni mbili hadi leo, fedha za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, zote za Moscow mwaka 1980.

Mimi nilikuwa miongoni mwa wapiga makofi. Ila asubuhi kulikuwa na mchakamchaka, na mchakamchaka haukuwa na mchujo. Shule nzima ilikimbia, kiranja akianzisha wimbo nasi tukiitikia, mnene kwa mwembamba, wa kwanza darasani bega kwa bega na wa mwisho. Nisiupambe sana, nyuma ya mstari kulikuwa na fimbo ya mwalimu wa zamu, na hiyo siitamani irudi. Lakini tuliingia darasani damu ikiwa imechemka, na yule aliyekuwa akidhalilika kila matokeo yanaposomwa alikuwa na saa yake ya kuongoza wenzake na kuitikiwa. Mtoto wa namna hiyo leo anaipata wapi saa hiyo?

Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuutumikisha mwili hasa, si kutembea polepole. Wa kijijini anayefuata shule kwa miguu na kuchota maji huenda anazifikisha bila kuambiwa. Wa mjini huchukuliwa na basi la shule kabla ya jua kuchomoza, hukaa kwenye dawati hadi jioni, hukaa tena kwenye tuisheni, kisha hukaa mbele ya runinga. Na shule yenyewe huenda ni ghorofa lililojengwa hadi mwisho wa kiwanja. Rede na kombolela hazihitaji uwanja wa taifa, lakini zinahitaji ardhi.

Wasichana wanaumia zaidi. Wakishavunja ungo, wengi huanza kukwepa: mwalimu, tumbo linauma. Tunaita uvivu. Mara nyingi ni sketi ya shule, ukosefu wa taulo za kike, hakuna mahali pa kubadilishia nguo, na wavulana waliokaa kwenye tofali wakicheka. Chumba cha kubadilishia nguo na bukta chache vingewarudisha wengi zaidi uwanjani kuliko hotuba. Mwenye ulemavu naye huambiwa alinde mabegi ya wenzake, tukidhani tumemhurumia.

Mkiitwa kwenye kikao cha wazazi muhula huu, mkishamaliza habari za matokeo na michango, ombeni nafasi mumuulize mwalimu mkuu swali moja: mwanangu, asiye kwenye timu yoyote, anacheza siku gani na saa ngapi? Jibu likiwa ni ratiba iliyo ukutani, mwombeni awapeleke uwanjani.