Nge Katika Sanduku Moja

Sisi tunaoishi tambarare ya Mwanga tunamjua nge. Tunakung'uta viatu kabla ya kuvaa, na tukiinua jiwe au kuni tunatazama kwanza. Kwetu nge ni wa kuuawa. Kwa hiyo wengi hushangaa wakisikia kwamba Ulaya na Marekani wako watu wanaomfuga nyumbani, na kwamba nge wakubwa wenye magando mekundu walikuwa wakipelekwa huko kutoka Tanzania hii hii, mpaka Serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016.

Wafugaji hao wana swali ambalo linatuhusu na sisi: je, nge wengi waweza kukaa pamoja katika sanduku moja? Aina nyingi haziwezi, hulana. Wale wakubwa huvumiliana zaidi, ikiwa ipo nafasi, chakula cha kutosha na maficho ya kila mmoja. Lakini hata hao wana saa yao ya hatari. Nge hukua kwa kujivua gamba. Akishalivua, mwili huwa laini kwa muda, wala hawezi kujitetea. Hapo mwenzake aliyekaa naye kwa utulivu miezi mingi anaweza kumla.

Basi tuulize: miezi ile yote walikuwa na amani, au kila mmoja aliuogopa tu mwiba wa mwenzake?

Usharika nao ni watu waliowekwa pamoja. Wengine tumeteremka kutoka Usangi na Ugweno, wengine tumetoka mbali zaidi, na tunaketi benchi moja. Miaka inapita bila ugomvi, nasi tunasema tunapendana. Kisha mmoja anatubu. Binti aliyetengwa anasimama mbele ya madhabahu aombe kurudi kundini. Mzee anakiri kwamba alisogeza mpaka wa shamba la nduguye. Siku hiyo wamejivua gamba, hawana cha kujikinga. Nasi, kabla hatujafika barabarani, tumekwisha kuwatafuna kwa maneno. Sisi wachungaji tumeyasikia, na mara nyingine tumenyamaza. Wapo ambao hawakurudi tena.

Mtu atasema kwamba bila ukali dhambi itazoeleka. Ni kweli, kanisa lina nidhamu, na nia yake ni kumrudisha aliyepotea. Lakini toba ikishapokelewa, nidhamu imemaliza kazi yake. Kinachoendelea baada ya hapo ni kuumana na kulana, jambo ambalo Paulo aliwaonya Wagalatia (Gal. 5:15), nao walikuwa watu wa kanisa.

Hata nge huwabeba watoto wake mgongoni wakiwa bado laini, mpaka wajivue gamba la kwanza. Basi Jumapili atakaposimama mmoja wetu kutubu, tumpe mkono, tumsindikize hadi kwake, na wiki inayofuata tumpitie tuje naye ibadani.