Waamini Wameulizwa

Katika misa ya upadrisho kuna swali linalowapita wengi masikioni. Askofu anauliza kama shemasi aliyesimama mbele yake anastahili, naye anajibiwa kwamba waamini wameulizwa na wametoa ushuhuda. Waamini! Basi padre hatoki seminari tu. Anatoka pia kwa watu waliomlea, wakamtazama kwa miaka, wakamkubali.

Kwa Wakristo wa Kamwokya, mtaa wa Kampala nchini Uganda, jambo hili lina uzito wake. Mwaka 1987, ukimwi ulipokuwa ukiteketeza familia Kampala, Wakristo wa jumuiya ndogondogo za mtaa huu walianza kuwatembelea na kuwahudumia wagonjwa. Ndivyo ilivyozaliwa Kamwokya Christian Caring Community. Kijana anayelala kifudifudi mbele ya altare huku litania ya watakatifu ikiimbwa, kisha akapakwa krisma viganjani, anapewa watu wanaojua utumishi ni nini. Ana mengi ya kujifunza kwao.

Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Tarehe 29 Juni 1913, kule Villa Maria, Uganda, Askofu Henri Streicher aliwapa upadre Bazilio Lumu na Victor Mukasa, mapadre wa kwanza Waganda. Nani aliwafundisha sala ya kwanza, kama si watu wa nyumbani?

Kwa hiyo siku ya upadrisho pigeni vigelegele, toeni zawadi, mna haki. Kesho yake mwambieni padre mpya nyumba ipi ina mgonjwa, na mmoja wenu amsindikize hadi mlangoni.