Nauli ni Deni la Nani?

Watu wengi hukubali haraka kwamba usafiri wa umma uboreshwe, na wengi hao hao husita linapokuja suala la kuulipia. Kusita huko kuna hoja ya maadili ndani yake: kwa nini nimlipie mwenzangu safari nisiyoipanda? Fikihi ya Kiislamu ina kipimo kinachofaa hapa, nacho ni fardhi kifaya. Kwa mfano, kumzika maiti ni wajibu wa jamii nzima. Wakijitokeza wa kutosha, wengine wamesameheka, na asipojitokeza mtu, dhambi ni ya wote. Imam Ghazali aliingiza humo pia tiba, hesabu, kilimo na ufumaji, kwa kuwa mji hauwezi kuishi bila kazi hizo. Kwa kigezo hicho sioni namna ya kuutoa usafiri, katika mji kama Dar es Salaam, ambako mgonjwa hafiki hospitali ya Muhimbili wala mchuuzi soko la Kariakoo bila gari la abiria.

Na wajibu huu tayari tumeukiri, ila tumeutupia mabega yasiyo yake. LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, imepanga nauli ya mwanafunzi iwe chini sana kuliko ya mtu mzima. Ni uamuzi wa huruma, na ni sahihi. Lakini pengo linaloachwa na nauli ile halijazwi na hazina. Linamwangukia dereva na konda wa daladala, ambao jioni lazima wamfikishie mwenye gari hesabu yake kamili. Matokeo yanaonekana kila asubuhi kituoni: konda anahesabu sare za shule, anapakia wawili watatu, wengine wanaachwa wamesimama. Tunamlaani konda kwa roho mbaya, ilhali sisi ndio tuliotoa sadaka kutoka mfukoni mwake. Jambo la kifaya likibebeshwa mtu mmoja huwa dhuluma kwake, na anayelipia dhuluma hiyo mwishowe ni mtoto anayechelewa somo la kwanza.

Pingamizi zito zaidi ni la mkulima wa Newala, mbali kusini mwa nchi. Mradi wa mabasi ya mwendokasi wa Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, ulijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na mkopo wa taifa hulipwa na taifa zima. Kwa nini alipe yeye? Nakiri hoja hii ina uzito. Lakini kanuni ya kwamba asiyetumia asilipe hatujawahi kuitumia kwenye barabara zenyewe: tozo inayokatwa katika kila lita ya petroli na dizeli huingia Mfuko wa Barabara, na bodaboda wa Newala anaichangia hata kama hatapita Daraja la Kijazi la Dar es Salaam maisha yake yote. Kanuni hiyo inakumbukwa basi linapotajwa tu. Hata hivyo wajibu wa kifaya huanza kwa walio karibu na wenye uwezo, kwa hiyo mzigo wa mabasi ya Dar es Salaam uwaangukie kwanza wenye viwanja kando ya Barabara ya Morogoro, yanakopita mabasi hayo, na wanaoingia katikati ya mji na magari binafsi.

Wapo watakaosema wananchi hawatakubali mzigo huo. Stockholm ilianza kutoza magari yaingiayo mjini kwa majaribio Januari 2006, wakati wakazi wengi walikuwa wanapinga; Septemba mwaka huo huo, baada ya kuyaona mabadiliko barabarani, wengi wa wapiga kura wa mji huo waliukubali utaratibu huo. Wengine watasema fedha zitapotea, na hofu hiyo siidharau: karakana ya mwendokasi iliwekwa Jangwani, kwenye bonde la Msimbazi, na mafuriko yamesimamisha mabasi mara kwa mara. Fedha ya umma ni amana, na anayeitoa ana haki ya kudai hesabu. Ndiyo maana ningeanza na nauli ya mwanafunzi: hazina iwalipe dereva na konda wa daladala tofauti yake kwa kila mtoto aliyepakiwa, na idadi hiyo ibandikwe kituoni kila mwezi, wazazi waisome.