Mzee Akisahau, Tumpe Nini?

Penye wazee haliharibiki neno, walinena wahenga, nasi twaungama kwamba walinena kweli. Katika nchi yetu hii ya milima, tangu Rungwe na Mbeya hata Iringa, mzee ndiye apatanishaye ndugu wagombeao shamba, na mzee ndiye ajuaye mipaka, koo na deni la mahari. Lakini methali hii yatuletea swali tusiloweza kulikwepa. Ikiwa twamheshimu mzee kwa ajili ya neno lake, tutamtendeaje siku neno lenyewe litakapoharibika? Siku atakapomwita mwanawe kwa jina la ndugu aliyekufa zamani, akauliza jambo moja mara kumi kabla ya jua kutua, akapotea katika njia ya kisimani aliyoipita maisha yake yote?

Hali hiyo ni ugonjwa wa ubongo, nao madaktari huuita dimensia. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya milioni 55 ulimwenguni wanao, na walio wengi wamo katika nchi zisizo tajiri. Uchunguzi uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, miaka ya 2009 na 2010, ulionyesha kwamba katika kila wazee 100 wenye miaka 70 au zaidi, wapatao 6 walikuwa na ugonjwa huo. Basi haifai kusema kwamba mzee amerogwa, wala haifai hata kidogo kusema kwamba yeye ndiye mchawi. Bibi akutwaye usiku uani kwa jirani, asijue amefikaje, hakuanguka na ungo. Ni mgonjwa aliyepotea, na Mkristo amwonaye humfunika shuka na kumrudisha kwao.

Tena kuna kosa jingine, nalo ni la watu wema. Humpa mzee uji, blanketi na nafasi karibu na moto, kisha humnyang'anya jembe, kisu na ufunguo. Husema, “Mama apumzike, amefanya kazi ya kutosha.” Wageni wakija huulizwa habari zake mbele yake, naye haulizwi neno. Hivyo mama yule hukaa tangu asubuhi hata jioni akiutazama mlango. Twadhani anapumzika, kumbe anangoja.

Kisa cha kosa hili ni kudhani kwamba mtu ameshaondoka, umebaki mwili wa kulishwa. Wako wenye elimu waliokaribia kusema hivyo. John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza wa karne ya 17, alifundisha kwamba mtu ni yule yule kadiri fahamu yake iwezavyo kurudi nyuma na kuyashika matendo yake ya zamani. Kama ndivyo, mama aliyewasahau wanawe si mama yao tena. La hasha! Sisi sote tulibatizwa wachanga tusikumbuke lolote, na hakuna asemaye kwamba ubatizo ule ni bure. Nabii Isaya, katika sura ya 49, akubali kwamba hata mama aweza kumsahau mtoto wake, lakini Mungu hamsahau. Na Yoshua bin Sira, katika sura ya 3, amwagiza mwana amvumilie baba yake hata akili zikimpungukia. Utu wa mtu, basi, haukutiwa katika kumbukumbu zake peke yake. Mungu aushika, nasi tumepewa sehemu ya kuushika pamoja naye.

Tutaushikaje? Kwa kumpa mzee kazi na watu. Mara nyingi ugonjwa huu hula kwanza mambo ya jana, na mazoea ya ujana hukawia. Mikono iliyosuka vikapu vya milulu huko Iringa yaweza bado kuujua mmea ule. Na asiyekumbuka siku ya leo aweza kuchambua maharage, kupukuchua mahindi, kuitikia “kamwene” na kumaliza fumbo zima la Rozari. Wengine waliimba Misa kwa Kilatini utotoni, kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Waanzishieni wimbo mwone. Huko Hai, wazee 34 wenye ugonjwa huu walikusanywa kwa vikundi mara 14 katika majuma 7, wakazungumza, wakaimba, wakacheza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba fahamu zao zilipata nafuu na wasiwasi ukapungua. Hawakupona, maana dawa ya kuponya haijapatikana. Lakini waliishi vema zaidi.

Mtu atasema, “Bibi huchanganya maharage na maganda, nami huanza upya.” Ni kweli. Basi yaanze upya, maana hakupewa ungo ule kwa ajili ya maharage. Lakini tusimtwike mkamwana mmoja mzigo wote, alale macho usiku na kulima mchana, kisha tumhubirie uvumilivu. Jumuiya Ndogo Ndogo zigawane zamu: huyu amtembeze mzee, yule aketi naye Jumanne ili mlezi aende sokoni, na sala ya juma ifanyike nyumbani kwake.

Baba Mtakatifu Fransisko aliweka mwaka 2021 siku ya kuwakumbuka mababu, mabibi na wazee, Jumapili ya nne ya Julai. Ni vema kuwapelekea sukari na sabuni siku hiyo, lakini mwaka una majuma mengine mengi. Tukumbuke pia ni akina nani hawa. Miaka ile ukimwi ulipowazika vijana wengi wa nyanda hizi, mabibi waliochakaa walianza upya kulea, wakawafundisha yatima majina ya wazazi wasiowajua. Yatima wale leo ni watu wazima. Sasa ni zamu yao kuketi karibu na bibi, kumpa kazi mkononi, na kumwambia jina lake kila asubuhi bila kuchoka.