Kondoo Aliyebaki Nje



Someni tena mlango wa 15 wa Injili ya Luka, habari za mtu mwenye kondoo mia aliyepotewa na mmoja. Mchungaji yule alijua hesabu. Tisini na tisa katika mia ni alama nzuri mno, na sisi tuliofundisha kwa miaka mingi, kwanza shuleni na halafu chuo cha ualimu, tungempigia makofi mwanafunzi aliyeipata. Lakini mchungaji hakuridhika na alama. Alitaka kujua ni nani asiyekuwamo, yuko wapi, na usiku unaingia.

Walimu wenzetu watakumbuka rejesta ya asubuhi. Wanafunzi wa ualimu walipokuja shuleni kufanya mazoezi ya kufundisha, wengi waliita majina upesi, wakajumlisha waliohudhuria, wakafunga daftari. Tuliwaambia, “Rejesta haikuwekwa kwa ajili ya waliopo, maana hao unawaona. Imewekwa kwa ajili ya asiyekuwapo.” Mtoto asiyeitika siku tatu ndiye anayehitaji mwalimu amfuate nyumbani.

Mwezi huu twataka kulitazama neno hili kwa njia ya jambo lililotupata sote, yaani ugonjwa wa UVIKO-19 na chanjo yake. Ugonjwa umepungua ukali, barakoa zimekwisha kuwekwa kabatini, na watu hawapendi kuukumbuka. Lakini mwalimu mzuri hasahihishi mtihani ili kuulilia. Husahihisha ili darasa lijifunze.

Tutazame mahali pawili palipo mbali na kwetu, Hong Kong na New Zealand. Twachagua hapo kwa sababu palifanana kwa mambo mengi. Wote wana hospitali nzuri na fedha za kutosha. Wote walifunga milango yao mapema mwaka 2020, wakawazuia wageni, na kwa miaka miwili ugonjwa haukuwashinda. Hong Kong ina watu zaidi ya milioni 7, lakini hadi mwisho wa mwaka 2021 ilikuwa imezika watu 213 tu kwa ugonjwa huo. New Zealand, yenye watu milioni 5 hivi, ilikuwa imezika wachache zaidi. Wote walikuwa na chanjo, tena ya kutosha. Halafu mwanzoni mwa mwaka 2022 aina mpya ya kirusi, iliyoitwa Omicron, ikaruka ukuta na kuingia kote kuwili.

Lililotokea baadaye halikufanana kabisa. Katika miezi michache Hong Kong ilipoteza watu zaidi ya 9,000. Mwezi wa Machi watu walikuwa wakifa huko kwa wingi kuliko karibu mahali pote duniani, ukilinganisha na idadi ya wakazi. Wagonjwa walilazwa nje ya hospitali, juani na kwenye baridi, na nyumba za kuhifadhia maiti zikajaa. New Zealand nako watu walikufa, nasi hatusemi kwamba kifo cha mtu mmoja ni kidogo. Lakini kwa kila watu milioni, Hong Kong ilizika mara kadhaa zaidi.

Kwa nini? Mtu akitazama jumla tu hataona sababu. Huko Hong Kong zaidi ya watu sita katika kila kumi walikuwa wamekwisha kupata dozi mbili kabla ya wimbi lile. Si alama ya aibu. Lakini fungueni rejesta mtazame majina. Waliochanjwa zaidi walikuwa vijana na watu wazima wanaokwenda kazini. Kadiri umri ulivyopanda, ndivyo waliochanjwa walivyopungua. Miongoni mwa wazee wa miaka 80 na zaidi, hata mmoja katika wanne hakuwa amekamilisha dozi mbili mwaka ulipoanza. Basi ugonjwa ulipoingia, uliwakuta hao. Zaidi ya tisa katika kila kumi waliokufa walikuwa na miaka 60 au zaidi, na wengi wao hawakuwa wamechanjwa. Wengi walikuwa wakazi wa nyumba za kutunzia wazee.

Huko New Zealand mambo yalikuwa kinyume. Karibu wazee wote walikuwa wamechanjwa kabla Omicron haijafika. Twakiri kwamba kulikuwa na tofauti nyingine pia: Hong Kong watu wamebanana katika majumba marefu, na aina za chanjo hazikuwa zile zile kote kuwili. Lakini wataalamu waliochunguza vifo vile waliiona tofauti hii ya wazee kuwa kubwa. Palipokuwa na ukuta, ufa ulikuwa upande ule waliolala walio dhaifu.

Wala msidhani kwamba wazee wa Hong Kong walichukiwa. La! Walipendwa, na hapo ndipo penye fundisho kwetu. Watoto wao waliwaambia, “Mama, una kisukari, ngoja kwanza. Baba, moyo wako si mzima, usijaribu sindano.” Hata matabibu wengine walishauri kungoja. Katika nyumba za wazee, wasimamizi walingoja ridhaa ya jamaa, na jamaa nao walisitasita. Tena ugonjwa haukuonekana mjini, basi haraka ya nini? Kila mtu alingoja kwa upendo, na upendo uliongoja ukawaacha wazee nje ya zizi usiku simba alipokuja.

Hata New Zealand haikuwa na zizi kamili. Wamaori, ambao ni wenyeji wa asili wa visiwa vile, walichelewa kufikiwa. Mpango uliwatanguliza wazee kabla ya vijana, na Wamaori wengi ni vijana. Tena baadhi yao hukaa mbali na zahanati, au hawakuwa na imani na serikali kwa sababu ya mambo ya zamani. Basi vyama vya Wamaori wenyewe viliondoka vikawafuata watu wao kwa magari, hadi vijijini na kwenye nyumba zao za mikutano. Tarehe 16 Oktoba 2021 nchi nzima ilifanya siku maalum ya chanjo, na dozi zaidi ya 130,000 zikatolewa kwa siku moja. Waliokuwa nyuma walifikiwa walipofuatwa na watu wanaowajua.

Fundisho hili ni la zamani. Mwezi wa Desemba 1966, huko Nigeria ya Mashariki, daktari wa misheni aitwaye William Foege aliitwa kwenda mahali palipozuka ndui. Mpango wa siku zile ulikuwa kuchanja watu wote. Lakini dawa ilikuwa kidogo, haikutosha watu wote. Akafanya nini? Jioni aliwaita wamisionari wenzake kwa redio, akawaomba watume watu katika kila kijiji kuuliza ni wapi penye mgonjwa. Kisha dawa ile kidogo akaipeleka huko, akachanja jamaa wa mgonjwa, majirani, na wale wa masoko waliyoyazoea. Haukupita muda mrefu, ndui ikatoweka katika sehemu ile, ingawa watu wengi walikuwa bado hawajachanjwa. Njia hiyo ya kumtafuta mgonjwa na kumzungushia ukuta ilienea hata India. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 1980 kwamba ndui imekwisha duniani.

Wapendwa, tusijidanganye kwamba maneno haya ni ya watu wa mbali tu. Hapa kwetu chanjo ya UVIKO-19 ilianza mwezi wa Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipochanjwa mbele ya taifa. Mwanzoni watu wachache sana walijitokeza. Maneno yalikuwa mengi, na mengine, tusione haya kusema, yalinong'onwa hata katika baraza za makanisa. Hapo baadaye wahudumu wa afya walipoanza kutoka kwenda sokoni, misikitini, makanisani na nyumba kwa nyumba, hesabu ikapanda sana.

Nasi tuna deni letu, na twalilipa leo kwa kulikiri mbele yenu. Katika mtaa wetu alikuwako mzee mmoja aliyepiga kengele ya kanisa kwa miaka mingi. Mwaka ule wa 2021 alitujia jioni na fimbo yake, akaketi barazani, akauliza, “Mwalimu, nyinyi mliosoma mwasemaje? Nikachanjwe?” Sisi wenyewe tulikuwa na wasiwasi, lakini hatukutaka kuonekana hatujui. Tukamjibu, “Mzee wetu, ngoja kwanza tuone.” Akashukuru, akaenda zake. Baada ya wiki chache sisi tulipata nafasi mjini, tukachanjwa. Hatukurudi kumwambia. Hatukuwa na ubaya naye; tulisahau tu.

Hakumaliza mwaka. Alishikwa na kikohozi, pumzi ikambana, na siku ya tano tukamzika. Hakupimwa, nasi hatuwezi kusema mbele za Mungu ni ugonjwa gani uliomchukua. Lakini twajua kwamba alikuja kwetu kuuliza njia, nasi tuliijua baadaye tusimfuate. Kila kengele inapolia Jumapili twamkumbuka. Tumemwomba Mungu msamaha, na twaamini ametusamehe. Lakini msamaha wa Mungu hautupi ruhusa ya kufunga daftari.

Tunamkumbuka pia mtu mwingine, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya mji wa Merca, Somalia. Mwezi wa Oktoba 1977 aliugua ndui, akawa mtu wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida ya maambukizo. Alifanya kazi hospitalini, lakini alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu ya sindano. Akapona. Miaka mingi baadaye, polio iliposumbua nchi yake, alijitolea kwenda nyumba kwa nyumba. Kwa wazazi waliokataa chanjo alisimulia kosa lake mwenyewe, na wengi walimsikiliza. Alifariki mwaka 2013, akiwa bado katika kazi hiyo. Yule aliyebaki nje ya zizi akawa mchungaji wa wengine.

Basi, yatupasa tufanye nini? Hatuwaiti kubishana juu ya ugonjwa uliopita. Twawaomba mtazame rejesta ya leo. Surua bado ipo. Polio bado inatafuta mlango. Siku za chanjo zinapotangazwa kanisani, akina mama wa Umoja wa Mama hupeleka watoto wao, nasi twafurahi. Lakini je, watoto wa yule binti anayeogopa kuja kanisani kwa sababu hakufunga ndoa? Yule bibi anayelea wajukuu wanne nyuma ya kilima, asiyeweza kuwabeba hadi zahanati? Wale wachunga ng'ombe waliohamia bondeni, ambao hatujajua hata majina yao?

Tumemwomba Kasisi, naye ameridhia, kwamba kila mtaa uandike majina, si ya waliokwenda zahanati, bali ya nyumba ambazo hazijafikiwa. Wazee wa kanisa na vijana wagawane nyumba hizo, wawili wawili. Msiende na ukali wala hotuba ndefu. Mkiulizwa neno msilolijua, semeni, “Hatujui, lakini tutamwuliza mganga wa zahanati na kurudi.” Kisha rudini. Twawasihi, rudini. Sisi tulisema neno la kwanza tukasahau la pili.

Mchungaji wa mfano ule alipomwona kondoo wake hakumkaripia wala kumwuliza kwa nini alichelewa. Alimweka mabegani akamleta nyumbani. Bwana atupe macho ya kuona pengo katika zizi, miguu ya kulifuata, na mabega ya kubeba. Amina.