Nyasi Hazina Karani

Mkulima mdogo wa chai kule Litein au Mogogosiek anajua kungoja. Akishachuma majani mawili na chipukizi, harudi kwenye michai ile kesho yake. Huiacha wiki moja, pengine mbili, na mvua ikipungua, zaidi ya hapo. Kila baada ya miaka michache huipogoa ikabaki vijiti, akavumilia miezi bila kuchuma kitu. Subira hiyo haitokani na utakatifu. Pale kwenye kituo cha kununulia chai yuko karani, na majani yaliyokomaa yakimwagwa mezani, mwenyewe anarudishiwa. (Sisemi karani ni malaika, kuhusu mizani wakulima wana yao.)

Sasa vuka ua, uingie upande wa ng'ombe wa boma hilohilo, ambako hakuna karani. Friziani yuko kwenye kipande kilekile tangu mvua zilipoanza, nyasi za Kikuyu zimenyolewa hadi udongo unaonekana, na maziwa yanashuka.

Nyasi ikiliwa huchipua kwa akiba iliyowekwa chini, kwenye shina na mizizi. Siku ya tatu hivi chipukizi limetokea, laini na tamu, na ng'ombe akiwa bado yupo hulitafuta hilo kwanza, akiziacha nyasi ndefu zilizozunguka kinyesi. Anaing'ata mara ya pili kabla haijarudisha akiba yake. Yakiendelea hivyo mizizi hufupika, magugu yakaingia. Mwaka 1957 mkulima na mwanasayansi Mfaransa, André Voisin, alieleza katika kitabu chake kwamba malisho huharibiwa na wingi wa siku kuliko wingi wa ng'ombe. Wazee wa Kipsigis, waliopeleka mifugo kwenye kambi za kaptich kabla mashamba hayajazungushiwa ua, hawangemshangaa.

Biblia nayo inajua kupumzisha. Katika Kutoka 23, amri ya kupumzika siku ya saba inapotoa sababu, haianzi na mwenye shamba. Inaanza na ng'ombe na punda, kisha mwana wa mjakazi, kisha mgeni. Mstari uliotangulia ulikwisha kuitaja ardhi. Hao wote hawana wa kuwasemea pale kituoni, na Mungu amejifanya karani wao. Walawi 26 ni kali zaidi: ardhi iliyonyimwa sabato zake itajitwalia yenyewe, wenyeji wakiwa uhamishoni. Nikiona kipara katikati ya malisho, hiyo ndiyo sura inayonijia.

Najua utanijibu: robo ekari nitaigawa vipi? Mwenye waya agawe vipande, ng'ombe asikae kwenye kimoja zaidi ya siku tatu, asirudi kabla ya wiki tatu au nne, na kiangazi angoje zaidi huku akimkatia nepia. Kwa asiye na waya, kamba na kigingi vinatosha, mradi kigingi kihame kila asubuhi. Lakini asiache josho: kupe huweza kungoja nyasini miezi mingi, mzunguko wa wiki nne haumtishi.

Katika nyumba nyingi, anayehamisha kigingi ni mama, alfajiri, kabla ya kwenda kuchuma chai, au mtoto kabla ya shule. Hao nao hawana karani. Jumapili hii baba akihamishe mwenyewe, kabla ya ibada, na maji ya ng'ombe achote yeye.