Bosi Wangu Si Mjomba

Ukienda mahojiano ya kazi Nairobi siku hizi, kabla hujaambiwa mshahara ni ngapi utaambiwa, "Sisi hapa ni familia." Inasemwa kwa tabasamu, na wewe uliyetuma maombi sitini bila jibu hata moja unaipokea kama baraka. Kwani nani hataki familia? Mimi niliambiwa hivyo katika ofisi ndogo ya matangazo niliyoingia miezi michache baada ya kuacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, karo ilipokwama. Sasa ni mwandishi wa kujitegemea. Nimefanyia kazi watu wa kila aina, na kuna swali halijaniacha: sisi tunaofanya kazi pamoja tunadaiana nini cha moyoni? Muda na ujuzi viko kwenye mkataba. Je, mwajiri ana haki ya kujua kwamba mamangu ni mgonjwa? Ana haki ya kutaka nimpende? Na mimi, nimwamini kwa msingi gani?

Nitasema msimamo wangu mapema. Kuaminiana kazini kunawezekana, tena ni kitu kizuri sana. Ila ukaribu peke yake haukujengi. Kinachokujenga ni mipaka, na mipaka hiyo ni wajibu wa mwenye nguvu kabla ya kuwa ujasiri wa mnyonge.

Tuanze na neno lenyewe. Amini, imani, amani, mwaminifu, amana: yote yametoka kwenye shina moja la Kiarabu. Hilo la mwisho ndilo linanivutia. Jirani anasafiri, anakuachia sanduku lake. Hasemi kwamba kuanzia leo wewe ni ndugu yake. Anasema: hiki ni changu, kikae kwako, nikirudi nikikute. Ukilifungua sanduku uchungulie, umeshavunja amana hata kama hukugusa shilingi. Na jirani akirudi akakudai sanduku la pili ambalo hakuliacha, yeye ndiye amekosea. Amana ina kingo zake. Inajulikana ni kitu gani kimeachwa, kwa kusudi gani, na mpaka lini.

Kuna mwanafalsafa mzaliwa wa New Zealand, Annette Baier, aliyeandika makala maarufu mwaka 1986 iitwayo "Trust and Antitrust". Anatofautisha kumtegemea mtu na kumwamini. Saa ya ukutani naitegemea. Ikisimama nitaudhika, lakini siwezi kusema imenisaliti. Binadamu niliyemwamini anaweza kunisaliti, kwa sababu nilimwachia kitu ninachokijali nikijua kabisa kwamba ana uwezo wa kukiharibu. Kwa Baier, kuamini ni kukubali kuumizika mikononi mwa mtu, ukitarajia kwamba hatakuumiza.

Nikisoma hapo huwa namkumbuka dada mmoja tuliyefanya naye kazi kwenye ofisi ile. Kila Jumatatu asubuhi tuliketi kwa duara, bosi akiwa katikati yetu, na kila mmoja aliulizwa anaendeleaje, "kusema ukweli kabisa". Ukijibu "niko poa" unaambiwa fungua moyo, hapa ni nyumbani. Jumatatu moja yule dada akafungua. Akasema tangu kakake afariki halali usiku, na siku nyingine anashuka kwenye matatu kabla ya kituo chake ili alie kwanza, ndipo aingie ofisini. Tulimkumbatia. Bosi alimkumbatia kutuliza wote.

Miezi miwili baadaye mkataba wake ulifika mwisho na haukuongezwa. Hakuna aliyemtusi. Aliambiwa kwa sauti ya upole: "Tumeona una mambo mengi nyumbani, tukaona tukupunguzie mzigo."

Hebu isome tena hiyo sentensi. Kazi yake haikutajwa. Kilichotajwa ni kile alichokisema kwenye duara. Alikiweka pale ili afarijiwe, kikatolewa kupimwa kama hasara. Sanduku lilifunguliwa, na aliyelifungua bado anajiona mtu mwema.

Baier alipendekeza kipimo ambacho naona kila kijana anayeanza kazi angekibeba mfukoni. Uaminifu ulio safi unaweza kustahimili ukweli wa kila upande kuhusu kwa nini unautegemea. Yaani, kila mmoja akisema waziwazi sababu zake, je, tutaendelea kuaminiana? Sasa jaribu na ile "familia". Bosi akisema, "Nataka mjione familia kwa sababu kazi ni nyingi na napenda tusaidiane," naweza kuendelea. Akisema, "Nataka mjione familia ili msiulize pesa za saa za ziada, na nijue mapema nani anaelekea kuchoka," hakuna atakayebaki kwenye duara. Uaminifu unaovunjika sababu zake zikitamkwa, ulikuwa umeoza tangu mwanzo.

Najua kuna msomaji anayesema: haya mambo ya mipaka ni ya Wazungu, sisi tuna utu. Hoja hiyo naiheshimu, maana ina ukweli ndani yake. Ofisi ya Kenya si mahali pa mshahara tu. Mtu akifiwa, kikundi cha WhatsApp kinafunguliwa kabla ya jioni na mchango unatumwa kwa M-Pesa. Mtoto akilazwa, wenzako ndio wanaosimama pengo ambalo bima haifiki. Kuna watu waliozikiwa wazazi wao kwa heshima kwa sababu ya wenzao wa kazini. Atakayeniambia niache hayo ili niwe na "mipaka yenye afya" kama walimu wa mafanikio wa mtandaoni, nitamwambia ajaribu kuzika bila mchango.

Lakini nani alisema utu wetu hauna mlango? Sisi ndio watu wa hodi. Mgeni anasimama nje, anapiga hodi, anasubiri. Akijibiwa, anaingia na kupewa hata chakula cha mwenye nyumba. Asipojibiwa, anarudi alikotoka bila kinyongo. Hata ndugu hupiga hodi. Na kile kitamu cha kuambiwa "karibu" kinatokana na kwamba ungeweza kutoambiwa. Anayeingia chumbani bila hodi hatumwiti mkarimu, na huzuni ya mtu nayo ni chumba cha ndani.

Tofauti ya mchango wa matanga na lile duara la Jumatatu iko hapo. Kwenye mchango, aliyefiwa ndiye anayetoa habari, na habari hiyo inabaki na kazi moja tu, kumsaidia. Kwenye duara, mwenye uwezo wa kukufuta kazi ndiye anayekuamuru ufungue mlango, kisha anaamua mwenyewe atakachofanya na alichokiona. Waswahili wenyewe walishaonya: mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Sioni methali hiyo kama ya chuki. Inanikumbusha tu kwamba kula pamoja ni jambo jema, na bado kula pamoja si kuzaliwa pamoja.

Ugumu unaotuhusu vijana ni nguvu. Mtandaoni tunaambiwa, "Jifunze kusema hapana." Sawa. Lakini hapana ina bei, na bei yake si sawa kwa kila mtu. Nimewahi kuwa na mteja aliyenitumia ujumbe wa sauti wa dakika 11, saa nne usiku, akinieleza jinsi ndoa yake inavyovunjika. Nilimsikiliza, ni binadamu. Ila ankara yangu ilikuwa imekaa kwake siku arobaini bila kulipwa, na nilijua nikimkatiza ninaihatarisha hiyo pesa. Yeye alidhani tumekuwa marafiki. Mimi nilikuwa nahesabu kodi ya nyumba. Ukaribu ambao upande mmoja hauwezi kuukataa haustahili kuitwa ukaribu.

Ndiyo maana naona ni makosa kumtwika mnyonge peke yake kazi ya kuweka mipaka. Sheria yetu ya Ajira ya mwaka 2007 inaelewa jambo hili kwa upande wa muda: angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya angalau siku 21 za kazi kwa mwaka, pamoja na mshahara. Sheria haikusubiri kila mfanyakazi awe jasiri wa kuomba. Mwaka 2022 Seneti ilipelekewa mswada wa kumpa mfanyakazi haki ya kutojibu simu na barua pepe za kazi baada ya saa za kazi, jambo ambalo Ufaransa ililiweka kwenye sheria tangu 2017. Shirikisho la Waajiri Kenya liliupinga. Hata ungepita, ungelinda simu yako. Moyo wako hakuna sheria inayoweza kuuwekea saa za kufunga. Hapo tumebaki sisi kwa sisi.

Basi uaminifu unajengwaje? Kwa mambo madogo yasiyopigwa picha. Mshahara uingie tarehe iliyosemwa, na ukichelewa, mtu aambiwe kabla hajaanza kukopa. Jina la aliyefanya kazi litajwe kwenye kikao hata kama hayupo. Ukiambiwa jambo la siri, lisirudi kwako kupitia mtu wa tatu. Bosi akitaka kujua hali yako, akuulize faraghani, na "niko sawa" likubaliwe kama jibu kamili. Na akishajua kwamba unaomboleza, akuulize unataka afanye nini na habari hiyo kabla hajakufanyia "wema" wowote.

Kwa sisi tulio sawa kwa cheo, hodi inatosha. Kabla sijammwagia mwenzangu shida zangu wakati wa chai, namuuliza: una nafasi ya kunisikiliza leo? Akisema hana, sinuni. Labda yeye pia ameshuka kwenye matatu mapema. Naye akinihadithia, namuuliza kama anataka ushauri au sikio tu, na kama yanaishia hapa. Inaonekana kama urasmi mwingi. Lakini marafiki wawili wa dhati nilionao leo niliwapata kazini kwa njia hiyo, polepole, mlango baada ya mlango, na hakuna meneja aliyetuamuru tupendane.

Sasa mteja mpya akiniambia kwamba kwake ni familia, namshukuru kwa heshima, kisha namuuliza malipo ni baada ya siku ngapi. Jibu lake hunitosha kujua kama nitaweza kumwamini. Anayetimiza tarehe 30 tukiwa hatujuani vizuri, huyo siku moja naweza kumwambia kwamba mamangu ni mgonjwa. Na sitamwambia kwa sababu ameniuliza mbele ya watu. Nitamwambia kwa sababu nimeona anavyotunza vitu vya watu.